Rejeta ya Kupandia Lushoto

14 Januari 2025, Lushoto

Gari limechemsha chini kidogo ya Soni. Gia ya pili, nazi na machungwa ya Muheza nyuma, jua la kaskazi utosini, na mshale wa joto ukavuka katikati ukakataa kurudi. Tulipaki kivulini, tukaacha kifuniko kama kilivyo mpaka mpira wa juu ulipokubali kushikwa. Jua lina sehemu yake ya lawama lakini si lote. Kaskazi ya mwaka jana ilikuwa hivi hivi, mzigo huu huu, na tulifika bila kusimama.

Rejeta ilipopungua moto nilipitisha kiganja mbele yake, kutoka upande hadi upande. Pembeni kunaunguza; katikati na pembe moja ya chini ni vuguvugu tu. Palipo na ubaridi ndipo maji yasipopita. Mkanda umekaza, pampu haivuji, feni haijavunjika hata jani moja. Maji hayatoi mapovu na oili haijageuka rangi ya maziwa, kwa hiyo gasketi ya hedi siituhumu bado.

Land Rover 109, Series III, petroli, sisi 2286. Bloku na hedi vyote ni chuma cha kusubu, ndiyo maana limevumilia. Gari la hedi ya alumini lingeshapinda hedi.

16 Januari, Tanga

Kwa fundi rejeta, Ngamiani. Amelitoa tanki la juu kwa moto wa gesi, risasi ikatiririka, tukachungulia mirija. Kutu ya bloku na chokaa ya maji vimegandamana. Safu ya mbele kuna mirija aliyoibana na kuiziba mtu mwingine zamani, kabla gari halijawa langu. Kila mrija unaozibwa namna hiyo ni njia moja ya maji iliyopungua, na hakuna anayeikumbuka mpaka gari lipande mlima.

Akaingiza utepe mwembamba wa chuma kuzibua. Mrija wa tatu ukatoboka.

"Mama, nikiendelea nitaitoboa yote. Shaba imeliwa."

"Sasa tufanyeje, fundi?"

"Ukipata mirija mipya ya shaba niletee, haya matanki mimi nitayarudishia. Ukikosa, nunua ya alumini. Ila ya alumini ikitoboka usiniletee. Risasi yangu haiishiki."

Ni mzee wa kazi na hanidanganyi. Alumini inachomelewa kwa mashine yenye gesi ya argoni, na kati ya Korogwe na Lushoto simjui hata mmoja mwenye mashine hiyo. Ya shaba, kila mji mdogo una mtu mwenye moto na kipande cha risasi. Hilo ni jambo zito kwa gari linalolala njiani, nami naliandika hapa ili nisilisahau nitakapokuwa dukani nang'arishiwa macho na kitu kipya.

19 Januari

Nimelishika usiku mzima suala la madini.

Kila niliyemuuliza ananiambia shaba inapoza kuliko alumini. Kwa madini matupu ni kweli: shaba nyekundu inapitisha joto kwa kiwango cha wati 400 hivi kwa mita kwa digrii, alumini 237. Lakini rejeta ya zamani si shaba nyekundu tupu. Mapezi ndiyo shaba nyekundu. Mirija ni shaba ya manjano, yenye zinki ndani yake, ambayo kiwango chake ni kama 120 tu. Na mapezi yameshikizwa kwenye mirija kwa mchanganyiko wa risasi na bati, ambao uko chini zaidi. Joto likitoka kwenye maji linavuka shaba ya manjano, linavuka risasi, ndipo linaifikia ile shaba nyekundu inayosifiwa. Ya alumini huunganishwa tanuruni, mirija na mapezi kwa pamoja, kwenye joto la karibu digrii 600: mirija ina ngozi nyembamba ya alumini iliyotiwa silikoni, ngozi hiyo huyeyuka kabla ya kilicho chini yake, ikapoa ikawa kitu kimoja na mapezi. Hapo katikati hakuna risasi.

Halafu upana wa mrija. Wa shaba huwa milimita 12 hadi 16. Ukiufanya mpana zaidi unavimba kwa shinikizo la maji, labda uuongezee unene, na uzito wa shaba haukuruhusu. Alumini ina uzito wa chini ya theluthi ya shaba, kwa hiyo ukuta unaweza kuwa mnene na mrija ukafika milimita 25, hata 32. Safu mbili za mirija hiyo zinafanya kazi ya safu nne za shaba. Na kati ya safu na safu kuna uwazi ambapo pezi haligusi mrija wowote. Safu zikiwa chache, uwazi huo nao unapungua.

Kwa upande wa joto basi nimeridhika. Kinachonikosesha usingizi ni maji.

Barabara hii kila dereva anaongeza maji anapopata: kijito, bomba la kijiji, dumu la muuza chai. Huku pwani visima vingi vina chumvi. Alumini inajilinda kwa utando mwembamba wa oksaidi unaojitengeneza wenyewe, na chumvi ndiyo inayoutoboa. Ikishapata tundu moja haisambai. Inachimba kwenda chini mahali palepale. Sufuria iliyolazwa na maji ya chumvi usiku kucha nimeiona ikiwa na vidoa vyeupe, na chini ya kila kidoa kuna kishimo. Ukuta wa mrija ni mwembamba kuliko wa sufuria. Na wapo wanaosafisha rejeta kwa soda kali. Hiyo haingoji siku ipite: inaitafuna alumini hapo hapo, ikitoa mapovu.

Nikinunua alumini nanunua pamoja nayo desturi nyingine ya maji. Nikiona siiwezi hiyo desturi, basi nitafute shaba kwa bei yoyote.

23 Januari

Mtoto wa kaka yangu yuko Dar, anazunguka Gerezani kwa niaba yangu. Kapiga simu mchana, yuko katikati ya kelele za nyundo.

"Shangazi, mirija ya shaba ya saizi yetu hakuna. Wananiambia niagize."

"Ukiagiza, itafika baada ya muda gani?"

"Hawasemi."

Mfungo unaingia mwanzoni mwa Machi. Wateja wangu watataka viazi, ndizi na magimbi ya Usambara kwa futari, na mimi siwezi kungoja meli isiyo na tarehe.

Amepata njia mbili. Ya kwanza ni rejeta ya mtumba ya Toyota, katikati alumini, matanki ya plastiki, bei ndogo. Fundi anakata na kuchomelea vishikio mpaka ikae. Ya pili ni mpya, alumini yote, imetengenezwa kwa vipimo vya Land Rover. Kuna maduka mawili yenye hizo.

Ya Toyota nimeikataa kwenye simu hiyo hiyo. Tanki la plastiki limeshikwa kwa meno ya alumini yaliyokunjwa juu yake, na mpira katikati. Plastiki iliyopikwa miaka mingi huko ilikotoka itapasuka, na itapasuka mlimani. Tena midomo ya mipira haiko upande wa yangu, kwa hiyo nitakuwa na mipira iliyopindwa kwa nguvu. Nimewaona wengi wakifanya hivyo na gari likatembea, sikatai. Lakini hao wanazunguka mjini.

27 Januari

Nimesoma kidogo kuhusu chanzo cha chombo hiki. Magari ya mwanzo yalikuwa yakichemsha maji na kuyapoteza kama mvuke, dereva akawa mtu wa kutafuta maji njiani. Wilhelm Maybach, kwenye gari la Mercedes la nguvu za farasi 35 lililokamilika mwishoni mwa mwaka 1900, alipanga vijirija 8,070 vya upande wa milimita 6 ili hewa ipite katikati yake, na nyuma akaweka feni kwa ajili ya mwendo mdogo.

Feni kwa ajili ya mwendo mdogo! Hilo ndilo tatizo langu lenyewe, miaka mia na ishirini na zaidi baadaye. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na mpando wenyewe ni kama mita elfu moja. Gari lenye mzigo linakwenda polepole, injini inaunguza petroli nyingi, na karibu theluthi ya joto la petroli hiyo linaishia kwenye maji. Upepo wa mwendo haupo. Hewa yote ni ile inayovutwa na feni. Kwa hiyo rejeta nene ya safu nne, ambayo wauzaji wanaisifu, inaweza kunipozea vibaya kuliko nyembamba: feni yangu ya kawaida haina nguvu ya kuvuta hewa kupita unene huo. Na kava la kuzunguka feni, ambalo Land Rover nyingi zimelipoteza, lina thamani kubwa kuliko safu moja zaidi ya mirija. Langu lipo. Limepasuka upande mmoja. Lishonwe kwa riveti.

1 Februari, Dar es Salaam

Gerezani tangu asubuhi. Nimekuja na tepu, tochi, na rejeta ya zamani mgongoni mwa kijana. Kubeba ya zamani ni lazima, picha ya simu haina vipimo.

Duka la kwanza: inang'aa kama kioo. Muuzaji anasema safu nne, na anarudia. Nimemulika tochi ndani ya mdomo wa kujazia maji, nikaona pale mirija inapoingia kwenye bamba la tanki kumejaa gundi ya kijivu kuizunguka. Maana yake haikuunganishwa tanuruni pale. Imepachikwa ikapakwa gundi. Gundi na alumini hazitanuki sawa zikipata moto, na barabara yetu ina mitikisiko ya kutosha kumaliza kazi iliyobaki. Mapezi nayo yamebanana mno. Kwa mwendo wa lami tupu ni sawa. Mimi napita vumbi la mashambani kupakia viazi, na mapezi yaliyobanana yanashika vumbi na wadudu mpaka hewa inakosa njia. Nilimshukuru nikaondoka.

Duka la pili ni la mzee mmoja mtaratibu, haongei sana. Rejeta yake haijang'arishwa. Safu mbili, mrija milimita 25, hakuna gundi, matanki yamechomelewa kwa argoni kwa mshono unaofuatana vizuri kuzunguka pembe zote. Nimepima: upana na urefu sawa na ya zamani, mdomo wa juu na wa chini vipenyo vyake sawa, matundu ya kushikia kava la feni yapo. Kasoro moja: vishikio vya pembeni vimechomelewa vikiwa vigumu, havina nafasi ya mpira. Nimemuuliza kama vinaweza kutobolewa upya viwe vikubwa.

"Vinawezekana, mama. Nitatoboa hapa hapa, nikupe na bushi za mpira."

Kisha nikamwomba aipime kwa hewa ndani ya pipa la maji. Hakuona vibaya. Akaziba midomo, akatia hewa, tukakaa tukitazama. Hakuna povu hata moja.

Laki nne na nusu, baada ya kuomba sana. Bei ya duka la kwanza ilikuwa chini kwa laki nzima.

Nimeichukua. Sababu ya mwisho, naiandika wazi: shaba ingenipa usalama wa kutengenezeka njiani, lakini shaba ya saizi yangu haipo sokoni, na rejeta isiyopatikana haipozi injini yoyote. Maji ninaweza kuyatawala. Soko siliwezi.

3 Februari, Tanga

Kifuniko. Kijana wa duka la spea hapa mjini amenipa cha Toyota, kimeandikwa 1.1, akisema kikubwa ni bora. Kwa gari lake ni sawa. Series III ilipangiwa shinikizo dogo, takriban pauni 9 kwa inchi ya mraba, yaani kama 0.6 kwa kipimo kile kile. Rejeta mpya ingestahimili 1.1, lakini mipira ya zamani na kile kirejeta kidogo cha hita havitastahimili, na hicho cha hita kikipasuka kinamwagia maji ya moto miguu ya abiria.

Hata pauni 9 si haba. Pwani maji matupu yaliyofungiwa kwa shinikizo hilo yanangoja mpaka digrii 114 hivi kabla ya kuchemka. Lushoto, mita 1,400 juu ya bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye digrii 95. Kwa kifuniko kizima yanafika kama 111. Kifuniko chenye mpira uliokufa kinakunyang'anya digrii zote hizo kumi na sita kimya kimya, na watu wanailaumu rejeta.

6 Februari

Siku ya kusafisha bloku. Nisingeweka chombo kipya mbele ya uchafu wa zamani.

Tumefungua plagi ya maji ubavuni mwa bloku. Haikutoa kitu. Fundi akachokonoa kwa waya, ikatoa tope jekundu zito, kisha maji. Themostati tumeitoa kwa muda, mpira wa bomba tukauelekeza kinyume na njia ya kawaida ya maji, tukaacha yatiririke mpaka yalipotoka meupe. Tope lile lote lingehamia kwenye mirija mipya ndani ya muda mfupi.

Themostati inarudi. Fundi alitaka tuiache nje kwa sababu ya joto la Tanga, na wengi wanafanya hivyo. Nimekataa. Injini hii ina njia ya pembeni ya maji. Bila themostati sehemu ya maji inakatiza huko bila kupita kwenye rejeta kabisa, na asubuhi za Lushoto injini haipati moto wake, inakula petroli na kujichafua. Mpya ya digrii 82 imeshanunuliwa. Tumeichemsha kwenye sufuria na kipimajoto kabla ya kuifunga, ikafunguka pale inapotakiwa.

8 Februari

Imefungwa. Nimesimama pale pale muda wote.

Gari hili limenifundisha ugonjwa wa alumini kabla ya rejeta. Bodi za Land Rover ni alumini tangu la kwanza la mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Na kila mahali bodi inapokutana na fremu ya chuma, hasa chini ya milango, kunatoka unga mweupe na bati linavimba. Madini mawili tofauti, unyevu wenye chumvi katikati, na alumini ndiyo inayoliwa. Hewa ya Tanga ina chumvi ya kutosha kwa kazi hiyo. Fremu inayobeba rejeta ni chuma. Kwa hiyo kila boliti imepita kwenye bushi ya mpira, kila kishikio kimekalia mpira, na nimepitisha karatasi kuzunguka kote kuhakikisha hakuna panapogusana. Mpira huo huo unaizuia mitikisiko isipasue mishono.

Nafasi kati ya feni na rejeta: vidole viwili na ushei. Kava limerudi, na ufa wake umeshonwa.

9 Februari

Maji. Mfumo unachukua kama lita 10. Kulanti nene, isiyochanganywa, theluthi moja. Theluthi mbili maji yaliyotolewa madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Nimesoma chupa kwa makini, maana asidi ya betri nayo huuzwa kwenye rafu hiyo hiyo. Nusu kwa nusu sikutaka: hapa hakuna barafu, na kulanti nyingi inapunguza uwezo wa maji kubeba joto. Chini ya theluthi dawa ya kuzuia kutu inakuwa hafifu. Rangi sikuijali, kila kiwanda kina rangi yake. Nilichotafuta ni maandishi kwamba inafaa alumini na chuma cha kusubu pamoja.

Mtoto wa kaka akaleta mita ya umeme. Waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu ukachovywa kwenye maji ya rejeta bila kugusa ukuta. Injini ikiwa imezimwa: volti 0.05. Tukawasha, taa zote, honi: ikapanda hadi 0.4. Hiyo ni nyingi. Ikizidi 0.3 umeme unapita kwenye maji kutafuta njia ya kurudi, na njiani unakula alumini kuliko chumvi yoyote. Waya wa athi kati ya injini na chasisi ulikuwa umebaki nyuzi chache, nyingine zimegeuka kijani. Tumeweka mpya, mnene, tukakwangua rangi pale unapokaa. Taa zote, honi: 0.08.

Tusingepima, rejeta ingetoboka kabla ya mwaka kwisha na watu wangesema alumini haifai.

15 Februari, Lushoto

Tumepanda saa saba mchana kwa makusudi, nazi na mifuko ya unga. Mombo joto la kuyeyusha. Mshale ulifika katikati kwenye kona za kwanza, ukakaa hapo. Chini ya Soni, mahali pale pa mwezi uliopita, ulisogea upana wa mshale wenyewe, kisha themostati ikafunguka zaidi ukarudi. Tumepita maporomoko ya Soni bila kusimama. Nilipofika sokoni nilipitisha kiganja mbele ya rejeta: joto linapungua taratibu kutoka juu kwenda chini, sawa upande hadi upande, hakuna doa la baridi.

Wenye malori waliosimama njiani kuongeza maji walitupungia dumu, wakidhani tunataka.

22 Februari, Tanga

Ndizi na viazi vimeshuka, mzigo umeisha kabla ya adhuhuri. Watu wanaweka akiba ya mfungo.

Mtoto wa kaka atapanda peke yake kesho, nimemwelekeza mara ya mwisho. Dumu la lita tano lenye mchanganyiko ule ule linakaa chini ya kiti, na hilo ndilo linaloongezwa. Likiisha na gari linavuja, atumie maji yoyote yatakayoliokoa injini, kisha aniambie, tumwage yote na kujaza upya. Kuficha ndiko sitaki.

"Na mtu akinipa ya kijito, shangazi?"

"Mshukuru, nawia mikono."

Matanki ya ile ya zamani fundi wa Ngamiani ameyanunua. Ana trekta la mtu linaloyahitaji. Mirija nimempa bure, atauza kwa kilo. Mipira ya rejeta ibadilishwe kabla ya masika kwisha, wa chini umeanza kuwa laini. Mita ipimwe tena kila oili inapobadilishwa. Kulanti mpya Februari 2027.